Jenerosa: Jina la Kilatini Milimani Mawengi

Huku Mawengi, wilayani Ludewa, jina Jenerosa haliwashangazi wazee, ingawa kwingineko nchini ni nadra kulisikia. Katika miaka yangu ya ualimu nililikuta mara chache tu katika madaftari ya mahudhurio, na mwenye jina akiulizwa maana yake, aghalabu alijibu: "Mkarimu." Jibu hilo ni nusu ya ukweli.

Asili yake ni kivumishi cha Kilatini, generosus, ambacho kwa mwanamke huwa generosa. Kimetokana na genus, yaani ukoo au uzao. Kwa Mrumi wa kale, generosa alikuwa mwanamke wa nasaba bora. Neno hilo lilitumika hata kwa farasi wa mbegu njema na kwa divai nzuri. Maana ya kutoa bila uchoyo ilikuja kushika nafasi baadaye, kwa dhana kwamba aliyezaliwa vyema hutenda vyema. Kiswahili nacho kimepita njia iyo hiyo. Muungwana wa zamani alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, mwenye kwao. Leo ni yeyote mwenye adabu na utu. Nalo neno karimu, tulilolipata kwa Waarabu, kwao hubeba maana zote mbili, utukufu na utoaji. Kwa hiyo mimi ningelifasiri Jenerosa kwa "muungwana" kabla ya "mkarimu". Wanaolikatiza wakamwita mtu Rosa humpa ua mahali pa ukoo, kwani waridi halimo humo kabisa: -osa ni kiambishi tamati tu, chenye kuonyesha wingi wa sifa. (Watunzi wenzangu wataona pia kwamba jina lina mizani nne kamili, nusu ya kipande cha mizani nane.)

Lilifikaje huku kwa Wapangwa? Kwa kalenda ya watakatifu. Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898, na Ukatoliki ukaenea nyanda hizi za kusini. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 761, ilimtaka paroko ahakikishe mbatizwa anapewa jina la Kikristo. Wazazi wakishikilia jina lao, yeye aongeze la mtakatifu na kuandika yote mawili katika kitabu cha ubatizo. Ndivyo zilivyojaa nyumba zetu akina Skolastika, Perpetua na Jenerosa.

Sasa, msomaji, tumtazame Generosa mwenyewe. Sikukuu yake ni tarehe 17 Julai. Siku hiyo, mwaka 180, Wakristo 12 wa Scillium, wanaume 7 na wanawake 5, walihukumiwa mjini Kartago, katika Tunisia ya leo, mbele ya liwali Saturninus. Aliwapa siku 30 wafikiri upya. Wakakataa, wakauawa kwa upanga. Kumbukumbu ya kesi hiyo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kikristo kwa Kilatini. Vestia, Donata na Secunda wana maneno yao humo. Generosa hana hata moja, ametajwa tu katika hukumu.

Basi jina hili lilibebwa na mwanamke wa Afrika zaidi ya miaka 1,700 kabla ya misheni ya Peramiho. Hata hivyo nisiligeuze kuwa la Kiafrika kwa nguvu: Kilatini pale Kartago kilikuwa lugha ya mtawala, kama Kijerumani kilivyokuja kuwa huku. Ila katika orodha ile ile wamo Nartzalus na Cittinus, majina yasiyo na asili ya Kilatini. Hakuna aliyewaongezea mengine ili wahesabiwe watakatifu. Paroko aliyeona jina la Kipangwa halitoshi alidai jambo ambalo mashahidi hao hawakudaiwa.

Sheria mpya ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inakataza tu jina lililo kinyume na roho ya Kikristo. Tangu hapo Jenerosa amezidi kupungua, na Neema, Glory na Angel wameshika nafasi.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alitaka kulifuta katika hati zake kwa kuwa, alisema, ni jina la mkoloni. Nilimsomea orodha ya Kartago, Nartzalus na Cittinus wakiwamo. Jina lake amelibakiza. Bintiye amempa la bibi yake, la Kipangwa, peke yake.