Saa Zinazopotea Kabla ya Kisu

Hospitali za misheni mkoani Singida zilitawanyika mbali na mji. Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walijenga Kiomboi, Iramba. Masista wa Medical Missionaries of Mary, wenye asili yao Ireland, wakaanza Makiungu mwaka 1954. Itigi, kando ya Reli ya Kati, ikapata ya Mtakatifu Gaspar mwaka 1989. Zilisogeza kisu karibu na vijiji, lakini si karibu vya kutosha. Utumbo uliojisokota, au uliotobolewa na homa ya matumbo, hausubiri tope la masika likauke. Ndiyo maana nadai kwamba huku swali la nani atapona baada ya upasuaji wa dharura wa tumbo huanza kujibiwa barabarani, na vipimo vilivyobuniwa kwingine havilioni jibu hilo sawasawa.

Chukua kipimo cha Mannheim cha kukadiria ukali wa maambukizi ndani ya tumbo, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1987. Umri unaozidi miaka 50 una alama 5, kiungo kushindwa kazi, 7, usaha tumboni, 6, kinyesi, 12. Jumla ikipita 29, hali ni mbaya sana. Sifa yake ni kwamba sehemu kubwa hujazwa kwa macho ya mpasuaji na saa ya ukutani. Ila ugonjwa uliopita saa 24 kabla ya upasuaji unapewa alama 4 tu, basi: mgonjwa wa saa ya 25 na wa siku ya tano wamewekwa kapu moja. Katika hospitali ya Bugando, Mwanza, ripoti ya mwaka 2012 kuhusu wagonjwa 104 waliotobolewa utumbo na homa ya matumbo ilionyesha vifo vya asilimia 23.1, na kuchelewa kufika kulihusishwa na vifo hivyo.

Wapo watakaosema mpasuaji mzoefu hahitaji hesabu. Akigusa tumbo gumu na mikono baridi ya mgonjwa, ameshajua. Kweli, lakini jicho lake huondoka naye zamu ikiisha. Utafiti wa mwaka 2018 katika nchi 25 za Afrika, wenye wagonjwa 11,422, ulikuta vifo vya baada ya upasuaji ni mara mbili ya wastani wa dunia, na vingi vilitokea baada ya siku ya upasuaji yenyewe, yaani wodini. Muuguzi wa usiku anahitaji kitu kilichoandikwa kwenye faili. Pingamizi zito zaidi ni kwamba alama kubwa inaweza kugeuzwa kisingizio cha kutompasua mtu. Lakini kisingizio hicho hakina msingi: utumbo uliotoboka ukiachwa hivyo, kwa kawaida huua. Alama ni ya kuamua nani alale karibu na meza ya muuguzi, nani apimwe mkojo kila saa, na nani apewe rufaa ya Dodoma mapema, kabla shinikizo la damu halijaporomoka. Na fomu ya alama itakayotumika Singida ingefaa iwe na nafasi mbili ambazo Mannheim haina: saa maumivu yalipoanza, na saa mgonjwa alipoondoka nyumbani.