Punda wa Balaamu na Ng'ombe wa Horini

Walimu wa watoto wadogo wamezoea kuvisimulia visa vya Biblia kwa kinywa cha mnyama: punda aeleza safari ya Bethlehemu, ng'ombe aeleza usiku wa kuzaliwa. Wako wasemao kwamba huku ni kuyachezea Maandiko. Tukiitazama historia yake, twaona kwamba lawama hiyo ni ya kweli upande mmoja tu.

Kisa kimoja cha namna hii kimo katika Biblia yenyewe, Hesabu sura ya 22. Punda jike amwona malaika mwenye upanga. Balaamu, aliyeitwa kwa sifa ya kujua yaliyofichika, haoni kitu. Punda akengeukia shambani, ambana bwana wake mguu ukutani, mwishowe ajilaza chini. Mara tatu apigwa, ndipo anena. Jicho la mnyama hapa si pambo. Liondoe, na kisa chafa. Mtoto wa Kiswahili apata na ladha ya ziada, kwani kwetu shukrani ya punda ni mateke, na yule punda wa dobi, katika ngano za Unguja zilizochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, hana moyo wala masikio. Huyu wa Balaamu anavyo vyote, na macho juu yake.

Ng'ombe na punda wa Bethlehemu wana nasaba nyingine. Luka ataja hori, hamtaji mnyama hata mmoja. Punda wa safari naye hamo. Wakristo wa kale waliyasoma maneno ya Isaya 1:3 juu ya ng'ombe na punda wamjuao bwana wao, wakayaunganisha na hori. Karne ya 4 wachongaji walikuwa wamekwisha kuwaweka kando ya mtoto, na mwaka 1223, huko Greccio nchini Italia, Fransisko wa Asizi aliwaleta wakiwa hai. Hata Biblia yetu ya Union Version, ya mwaka 1952, humtaja ng'ombe inapoeleza hori, ingawa neno la Kiyunani ni hori tu. Hapa ndipo lawama inaposimama: yatupasa tujue lipi ni la Luka na lipi ni la wasimulizi.

Mwaka 1877 Anna Sewell wa Uingereza alimwachia farasi, Black Beauty, aeleze maisha yake mwenyewe. (Kwa kweli aliwalenga watu wazima wenye kuwatunza farasi.) Nguvu ya kitabu hicho ni lijamu, mzigo na mkono wa bwana. Masimulizi mengi ya Biblia hujikwaa hapo: punda aanza kuhubiri. Na aseme uzito wa mgongoni, changarawe kwatoni, harufu ya majani makavu. Mengine mtoto atayauliza.

Huenda akauliza kama Balaamu alimtaka punda radhi. Kwa malaika alikiri kosa. Kwa punda, kitabu hakimpi neno lolote.