Kisu na Kifua: Historia ya Tiba ya Kifua katika Miteremko ya Kilimanjaro

Katika lugha yetu kifua si sehemu ya mwili tu. Mtu awezaye kutunza siri husemwa kuwa ana kifua, na asiyeweza husemwa hana. Basi maradhi yaliyowatisha wazee wetu kupita mengi, yaani kifua kikuu, nayo yalifanywa siri. Mtu alikohoa damu na jamaa zake wakasema ni mafua ya masika. Wahenga walituonya kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini aghalabu onyo hilo lilikumbukwa siku ya matanga.

Katika insha hii tunakusudia kueleza jinsi upasuaji wa kifua ulivyobadilika nchini mwetu, tukiutazama kutoka Moshi na miteremko ya Kilimanjaro. Wengi hudhani kuwa historia ya upasuaji ni habari ya kisu kinachozidi kuwa hodari mwaka hata mwaka. Sisi tunaona vingine. Ushindi mkubwa wa taifa letu katika tiba ya kifua ulipatikana pale kisu kilipoweza kuwekwa kando. Na kiliporudi, kilirudi kwa kazi nyingine.

Kwanza hatuna budi kufahamu kwa nini waganga wa zamani, hata wale wa Ulaya, walikiogopa kifua. Tumbo likipasuliwa, mgonjwa huendelea kupumua. Kifua kikipasuliwa, hewa ya nje huingia kati ya mbavu na pafu, nalo pafu hunywea mfano wa mpira uliotobolewa. Mwaka 1904 mpasuaji wa Kijerumani, Ferdinand Sauerbruch, alitengeneza huko Breslau chumba ambacho kani ya hewa yake ilipunguzwa. Mwili wa mgonjwa ulikuwa ndani ya chumba pamoja na wapasuaji, na kichwa chake kilikuwa nje. Baadaye ilipatikana njia nyepesi: mrija hupitishwa kooni hadi katika njia ya pumzi, na hewa husukumwa mapafuni huku mgonjwa amelala kwa nusukaputi. Tangu hapo upasuaji wa kifua haukuwa tena kazi ya mpasuaji peke yake. Bila ya mtaalamu wa usingizi, oksijeni, damu ya akiba na wauguzi wa kukesha, kisu kikali kuliko vyote hakifai kitu.

Adui wa kwanza aliyetafutwa kwa kisu hicho alikuwa kifua kikuu. Robert Koch alitangaza huko Berlin mwaka 1882 kwamba amekiona kijidudu kiletacho maradhi hayo, lakini ulimwengu ulikaa zaidi ya miaka 60 pasipo dawa ya kukiua. Katika muda huo madaktari walisema: ikiwa pafu ni gonjwa, na lipumzishwe kama mfupa uliovunjika. Carlo Forlanini wa Italia alifundisha kuingiza hewa kifuani kwa sindano ili pafu linywee na tundu lake lizibe. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakaondoa mbavu kadhaa za upande mmoja ili ukuta wa kifua uangukie pafu na kulibana daima. Waliopona walibaki na bega lililoinama na pumzi fupi. Ilikuwa tiba kali, na haikutokana na ukatili bali na ufukara wa dawa.

Pamoja na kisu, Ulaya ilikuwa na imani nyingine: hewa ya milimani. Imani hiyo ndiyo iliyofika kwetu. Mtu akitoka Moshi hushika njia ya Arusha hadi Boma Ng'ombe, kisha hupinda kaskazini kuelekea Sanya Juu. Huko, upande wa magharibi wa Kilimanjaro, ndiko iliko Kibong'oto. Mwaka 1926, nchi ikiwa chini ya utawala wa Waingereza, ilianzishwa hapo nyumba ya kuwatunzia wagonjwa wa kifua kikuu. Kabla ya kupatikana dawa, nyumba za namna hiyo popote duniani hazikuwa na mengi ya kumpa mgonjwa ila mapumziko, chakula, hewa safi na kutengwa na watu.

Msomaji asilichukulie jepesi neno hilo kutengwa. Mlimani kihamba ndicho uhai wa ukoo: hapo ndipo migomba, kahawa na makaburi ya mababu. Mfereji wa maji hugawanywa kwa zamu, na asiyehudhuria zamu huchelewa kupata maji. Mwanamume au mwanamke aliyelala kitandani mwaka mzima na zaidi aliacha kahawa bila ya mchumaji na watoto bila ya mzazi. Tena alirudi akiwa na jina la maradhi mgongoni, na vikombe vyake vikawekwa mbali na vya wenzake. Gharama ya tiba haikuhesabiwa kwa shilingi tu. Ilihesabiwa kwa misimu.

Mageuzi yalitoka katika maabara. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943 huko Marekani, na mwaka 1952 ikadhihirika kuwa isoniazidi nayo hukiua kijidudu cha Koch. Dawa zikichanganywa, tundu la pafu liliweza kupona pasipo kuvunja ubavu. Likabaki swali moja: je, mgonjwa ni lazima atengwe ili apone? Jibu lilitoka India. Uchunguzi uliofanywa Madras na kutangazwa mwaka 1959 ulionyesha kwamba mgonjwa aliyemeza dawa nyumbani mwake, katika umaskini wake, alipona karibu sawa na aliyelazwa, wala hakuwaambukiza jamaa zake kuliko yule. Kisha ikaja zamu ya Afrika Mashariki. Utafiti ulioanza mwaka 1970 katika nchi zetu, kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ulitoa matokeo yake ya kwanza mwaka 1972. Ulithibitisha kuwa mchanganyiko wenye rifampisini unaweza kuponya kwa miezi 6, badala ya mwaka mmoja na nusu.

Lakini dawa iliyo kabatini haimponyi mtu aliye kijijini. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Kwa hesabu hiyo, kumtegemea mpasuaji wa kifua kwa kila aliyekohoa damu ingekuwa ndoto. Taifa lilichagua kujenga zahanati na vituo vya afya, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza redio na kujifunza kuzuia maradhi. Wakati huohuo hospitali kubwa hazikusahauliwa: mwaka 1971 ilifunguliwa KCMC mjini Moshi, ikawa hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini.

Mwaka 1977 ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Mshauri wake mkuu alikuwa Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, ambaye yeye mwenyewe aliugua kifua kikuu kutokana na kifungo cha kambi ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mpango huo ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuutimiza. Makohozi yapimwe kwa hadubini. Mgonjwa ameze dawa mbele ya mtu wa afya katika miezi ya mwanzo. Jina lake liandikwe katika daftari. Na kila robo mwaka ihesabiwe ni wangapi wamepona, wangapi wametoroka na wangapi wamekufa. Kazi hiyo ilifanywa na wauguzi na waratibu wa wilaya waliosafiri kwa pikipiki na kwa miguu. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilijenga juu ya uzoefu wa Tanzania na nchi nyingine chache mkakati uliopelekwa duniani kote kwa jina la DOTS. Hivyo daftari la wilaya ya Tanzania likawa mwalimu wa mataifa, na kwa wagonjwa walio wengi habari ya kukatwa mbavu ikabaki vitabuni.

Ushindi huo haukudumu bila ya kujaribiwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Mwaka huo wagonjwa wa kifua kikuu walioandikishwa nchini walikuwa takriban 12,000. Miaka 20 baadaye walizidi 60,000. Kisha vikatokea vijidudu visivyosikia dawa za kawaida, na mwaka 2009 Kibong'oto ikaanza kuwatibu wagonjwa wa aina hiyo. Kwa wachache miongoni mwa wagonjwa kama hao duniani, ambao pafu moja limeharibika na dawa hazitoshi, wapasuaji wameanza tena kuondoa sehemu iliyooza. Lakini sasa kisu ni msaidizi wa dawa.

Kisu kimepata pia kazi mpya. Mwaka 2008 upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Watoto waliozaliwa na tundu la moyo, ambao zamani tegemeo lao lilikuwa safari ya India, wakaanza kutibiwa kwao. Wala tusiudharau upasuaji mdogo. Usaha ukijaa kifuani, daktari hupitisha mrija kati ya mbavu mbili na kuuzamisha mwisho wake katika chupa ya maji sakafuni. Usaha hutoka, na maji huzuia hewa isirudi. Njia hiyo ilifundishwa na Bülau wa Hamburg katika karne ya 19, nayo ingali inaokoa maisha.

Lakini yapo maradhi ya kifua ambayo wala kisu wala kidonge hayayatoi. Huko Mererani, kusini ya mlima, vijana huchimba tanzanaiti ndani ya vumbi la mawe. Vumbi hilo hukausha mapafu kwa makovu yasiyofutika, na hufungua mlango kwa kifua kikuu. Dawa ya hao ni maji ya kutuliza vumbi, hewa ya kutosha mgodini na sheria inayotekelezwa.

Tuna wajibu wa aina mbili. Wa kwanza ni kuivunja siri: akohoaye kwa wiki mbili apelekwe kupimwa, wala asitengewe kikombe atakapopona. Wa pili ni wajibu wa utamaduni. Wako wazee waliolala Kibong'oto na wauguzi waliowanywesha dawa, nao wanapungua kila mwaka. Habari zao ni historia ya taifa sawa na habari za vita na za machifu. Na ziandikwe wangali hai, ili watoto wetu wajue kwamba daftari la muuguzi liliokoa vifua vingi kuliko kisu.