Maji Yenye Gharama

Leo twawaalika twende pamoja kwa mawazo hadi Eliye Springs, kando ya Ziwa Turkana, mashariki ya Lodwar. Ziwa lile ni kubwa, lakini maji yake yana magadi. Hatua chache kutoka ufuoni, chini ya mikoma, maji matamu yabubujika mchangani. Mchunga mbuzi huteka, akanywa, akaenda zake, wala hakuna amdaiye senti.

Maji hayo Mungu ametupa bure. Lakini yako maji mengine ambayo mtu huyanywa bure kwa kuwa mwenziwe amekwisha kuyalipia. Katika 2 Samweli 23 twasoma habari za Daudi alipotamani maji ya kisima cha Bethlehemu, mji uliokuwa mikononi mwa Wafilisti. Mashujaa watatu wakapenya katikati ya adui, wakateka, wakamletea. Daudi hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa kuwa aliona ndani yake damu ya watu walioziponza nafsi zao.

Ndugu msikilizaji, amani tunayoinywa leo aliiteka nani?

Tuangalie historia ya nchi hii ya Turkana. Mwaka 1918 askari wa King's African Rifles, yaani KAR, walitumwa kuwashambulia Waturkana, na mifugo mingi sana ikachukuliwa. Kisha tarehe 10 Juni 1940 Italia iliingia katika Vita Kuu ya Pili, nayo wakati huo ilikuwa imeikalia Ethiopia. Mpaka wa kaskazini ukawa uwanja wa vita. Mapema mwaka 1941 Brigedi ya 25 ya Afrika Mashariki ilipita magharibi ya ziwa hili, ambalo wakati ule liliitwa Rudolf, ikaelekea kusini-magharibi ya Ethiopia. Katika mapigano ya mpakani, Waturkana nao walishika silaha upande uleule wa KAR. Watu walioporwa na jeshi miaka 22 nyuma sasa walikuwa bega kwa bega nalo. Hilo si jambo dogo.

Vita havikuishia hapo. Kenya peke yake ilitoa askari wapatao 98,000. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Japani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache tu. Karibu watu 1,300 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Mwaka huohuo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw, huko Burma, penye mvua, matope na malaria, hata ikafika Mto Chindwin mwezi wa Desemba.

Je, walirudi wakapewa nini? Wahenga walisema, shukrani ya punda ni mateke. Mwaka 2019 ilifichuliwa hati ya zamani ya serikali ya Uingereza iliyoonyesha kwamba kiinua mgongo cha askari Mwafrika kilikuwa kidogo mno, hata askari Mzungu wa cheo kilekile akapata takriban mara tatu yake. Risasi haikuwa imechagua rangi, ila malipo yalichagua. Wengi walirudi vijijini wakazeeka katika umaskini. Mwaka 2018, miaka 73 baada ya vita kwisha, Uingereza ilitangaza karibu pauni milioni 12 ili maaskari wa zamani wa nchi za Jumuiya ya Madola na wajane wao wapate milo miwili kwa siku. Ni jambo jema. Lakini wangapi walikuwa wamekwisha kulala kaburini?

Mhubiri, sura ya 9, asimulia habari za maskini mwenye hekima aliyeuokoa mji kwa hekima yake, wala hakuna mtu aliyemkumbuka. Wapenzi, neno hilo latuhukumu na sisi. Ni rahisi kuilaumu Uingereza. Lakini mzee akifa katika usharika wetu, twachanga, twachinja, twasoma wasifu mrefu. Wiki moja kabla ya kufa aliomba chai yenye sukari, na hakuna aliyeitikia.

Wa vita ile waliobaki hai leo ni wachache mno, maana mwenye miaka 18 wakati vita vilipokwisha amekaribia miaka 100. Lakini wajane wao wapo, na watoto wao nao wamekwisha kuota mvi. Huku kwetu wazee wengi hawakai katika nyumba maalumu za wazee. Makao yao ni bomani na chini ya mti, kati ya watoto na wajukuu. Basi nyumba ya wazee ni sisi wenyewe. Ikivuja, ni sisi tuliovuja.

Tufanye nini? Kwanza, Walawi 19:32 yatuagiza kusimama mbele ya mwenye mvi. Tusimame kweli, tumpishe kiti kanisani. Pili, tuwaulize habari zao na kuziandika pamoja na majina. Ile sanamu ya maaskari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza iliyoko Nairobi ina maneno ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, lakini haina jina la askari hata mmoja. Tatu, tuwe waaminifu katika kidogo chao. Serikali huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii. Bibi asiyeona vizuri akikutuma, zile 2,000 zifike 2,000. Anayemega fedha ya mzee anainywa damu ile ambayo Daudi aliogopa kuinywa.

Tuombe. Ee Bwana, utufundishe kushukuru mapema, wakati mkono tunaoushika ungali na joto. Utuonyeshe wiki hii mzee mmoja wa kumtembelea. Amina.