Pazia na Mimbari: Sala ya Ijumaa ya 18 Machi 2005 katika Historia ya Waislamu wa Marekani

Ijumaa ya tarehe 18 Machi 2005, katika ukumbi uitwao Synod House, ulio kwenye viwanja vya Kanisa Kuu la St. John the Divine jijini New York, watu mia moja na ushei walipanga safu nyuma ya mwanamke. Aliyeadhini alikuwa mwanamke. Khutuba ilitolewa na Profesa Amina Wadud, ambaye kisha aliwasalisha wanaume na wanawake kwa pamoja. Waandaaji walikuwa wamebisha hodi kwenye misikiti mitatu wakakataliwa. Jumba la sanaa lililokubali kuwapokea nalo likajitoa baada ya kutishiwa bomu. Ndipo sala ya Waislamu ikaishia katika ukumbi wa Waanglikana.

Tukio hili limeandikwa sana, na aghalabu huandikwa kwa namna mbili. Wapo waliolihesabu kuwa uasi dhidi ya ijmai ya karne kumi na nne. Wapo waliolipokea kama mapambazuko. Pande hizo mbili, pamoja na uhasama wao, zinashirikiana kosa moja: zote zinaling'oa tukio kutoka mahali lilipotokea. Insha hii inadai kwamba sala ile ilikuwa jambo la Kimarekani kabla ya kuwa jambo jingine lolote. Ilikuwa jibu kwa badiliko la karibuni ndani ya misikiti ya nchi ile, na aliyesimama mbele alitoka katika jamii ya Waamerika Weusi, ambayo historia yake imefunikwa na jina la jumla la "Waislamu wapenda maendeleo".

Tuanze na badiliko lenyewe. Tafiti za misikiti ya Marekani, ambazo mtafiti wake mkuu ni Ihsan Bagby, zilionyesha kwamba mwaka 1994 asilimia 52 ya misikiti iliwaweka wanawake nyuma ya pazia au katika chumba kingine wakati wa sala. Mwaka 2000 kiwango hicho kilifikia asilimia 66. Takwimu hizi zinastahili kutazamwa kwa makini. Laiti pazia lingekuwa urithi wa kale unaopungua kadiri vizazi vinavyopita, tungetarajia kuona kiwango kikishuka, nacho kilipanda. Aidha, misikiti ya Waamerika Weusi ilikuwa na desturi hiyo kwa kiasi kidogo kuliko misikiti ya wahamiaji.

Sababu zake si ngumu kuzitambua. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 ilifungua milango kwa madaktari, wahandisi na wanafunzi kutoka Asia Kusini na nchi za Kiarabu. Wengi walitoka katika miji ambako msikiti ulikuwa mahali pa wanaume, na wanawake walisali nyumbani bila kujiona wamenyimwa kitu, kwa kuwa jamii nzima iliyowazunguka ilikuwa ya Kiislamu. Marekani msikiti ulibeba mizigo mingine: ndio uliokuwa madrasa, ukumbi wa harusi, mahali pa matanga na baraza la habari. Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo penye kiini cha ugomvi. Mwanamke aliyewekwa nyuma ya pazia huko hakutengwa na safu ya sala peke yake; alitengwa na jamii.

Waamerika Weusi walikuja kwa njia nyingine. Katika mahekalu ya Nation of Islam, wanaume na wanawake waliketi vitini ndani ya ukumbi mmoja, kila jinsia upande wake. Elijah Muhammad alipofariki mwaka 1975, mwanawe, Warith Deen Mohammed, aliwaongoza wafuasi kuingia katika Usuni. Viti vikaondolewa, na wanawake wakasali nyuma ya wanaume, mara nyingi bila kizuizi. Wadud mwenyewe hakupitia Nation. Alizaliwa Maryland mwaka 1952, binti wa mhubiri wa Kimethodisti, akatamka shahada mwaka 1972. Hata hivyo, alikulia katika jamii ambayo swali la nani anaruhusiwa kuingia kwa mlango upi lilikuwa limekwisha kumwaga damu, na ni vigumu kusoma maandishi yake juu ya uadilifu bila kukumbuka hilo.

Kitabu chake, *Qur'an and Woman*, kilitolewa Kuala Lumpur mwaka 1992, alipokuwa akifundisha Malaysia, na kikachapishwa tena New York mwaka 1999. Mojawapo ya hoja zake kuu inahusu aya ya kwanza ya Sura An-Nisaa. Neno *nafs* ni la kike kisarufi, na neno *zawj* ni la kiume. Lakini Wadud anashikilia kwamba jinsia ya neno si jinsia ya kiumbe, na kwamba aya haimtangulizi mwanamume katika uumbaji. Msomaji wa Kiswahili huenda asihisi uzito wa hoja hii, kwa sababu lugha yetu haina jinsia ya kisarufi, na "nafsi" kwetu si ya kike wala ya kiume. Agosti 1994 alizungumza mbele ya waumini wa Ijumaa katika msikiti wa Claremont Main Road, Cape Town. Kwa hiyo New York ilikuwa hatua ya safari iliyokwisha kuanza.

Kifiqhi, waliomuunga mkono walitegemea Hadithi ya Ummu Waraqa, iliyopokewa na Abu Dawud, inayosema kwamba Mtume (S.A.W.) alimruhusu awasalishe watu wa nyumba yake. Walitaja pia rai zinazonasibishwa na Abu Thawr na al-Tabari. Jumhuri ya maulamaa wa madhehebu manne haikubali mwanamke kuwasalisha wanaume, na Yusuf al-Qaradawi aliipinga sala ile hadharani. Jambo linalomhusu mwanahistoria ni kwamba mjadala ulihamia mara moja kwenye uimamu, na pazia likasahauliwa. Asra Nomani, mwandaaji mkuu, alikuwa ameanza mwaka 2003 na dai dogo zaidi: kuingia kwa mlango wa mbele na kusali katika ukumbi mkuu wa msikiti wa Morgantown, West Virginia. Dai hilo lilikuwa na wasikilizaji wengi hata miongoni mwa wahafidhina. Dai la uimamu liliwapunguza.

Umoja uliodhamini sala hiyo, Progressive Muslim Union, uliundwa mwaka 2004 na ukasambaratika baada ya takriban miaka miwili. Viongozi wake walikuwa hasa wanazuoni na wanaharakati wenye asili ya uhamiaji. Walikuwa na vitabu na vyombo vya habari. Hawakuwa na jengo, wala waumini wa kila wiki, wala mfuko wa kuwazikia wafu. Misikiti ya Waamerika Weusi, iliyokuwa na vitu hivyo vyote, haikujengewa daraja. Utafiti wa mwaka 2011 ulikuta kiwango cha pazia kikiwa kile kile, asilimia 66.

Waliofuata walijaribu njia nyingine. Tarehe 30 Januari 2015, Women's Mosque of America ilifanya Ijumaa yake ya kwanza jijini Los Angeles, katika jengo lililokuwa sinagogi zamani. Hapo wanawake hutoa khutuba na kuwasalisha wanawake wenzao. Mwanamke kuwasalisha wanawake kunakubaliwa na Mashafii, ambao madhehebu yao ndiyo yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, na pia na Mahanbali; kilichobaki na mabishano ni kama sala ya wanawake peke yao inasihi kuwa Ijumaa, au ni lazima wasali Adhuhuri baada yake.