Kutoka Kauli hadi Dhamana

Mchuuzi anayechukua mzigo kwa mali kauli huuza kwanza, kisha humlipa mwenyewe. Anayeuza hisa za kukopa hufanya jambo la karibu na hilo, ila yeye hudaiwa hisa zenyewe, si bei yake. Akiuza kwa 100 na kuzinunua tena kwa 70, 30 ni faida yake. Zikipanda hadi 300, amepoteza 200, na hakuna ajuaye zitakomea wapi.

Mwaka 1609, Isaac Le Maire, aliyekuwa mkurugenzi wa VOC, kampuni ya Uholanzi iliyofanya biashara Asia, akaondoka kwa ugomvi, aliunda kikundi cha siri jijini Amsterdam. Waliuza hisa za kampuni hiyo wasizokuwa nazo, kwa ahadi ya kuzikabidhi baadaye. Bei ikaporomoka. Wakurugenzi wakalia serikalini kwamba wajane na yatima wanaumia. Wapinzani wao wakajibu kwamba kampuni yenyewe ndiyo inaendeshwa vibaya. Februari 1610 ikapigwa marufuku kuuza hisa usizomiliki.

Marufuku hiyo ilibidi irudiwe mara kadhaa katika karne hiyo, maana watu waliendelea kuuziana kwa kuaminiana tu. Le Maire alifariki mwaka 1624. Jiwe la kaburi lake lasema alipoteza fedha nyingi katika miaka 30, lakini heshima yake hakuipoteza.

Heshima haimlipi aliyekukopesha. Ndiyo maana naona njia ya Marekani ilikuwa na busara zaidi. Baada ya anguko la soko la hisa la 1929, sheria ya 1934 iliipa benki kuu mamlaka ya kupanga dhamana. Leo ukiuza hisa za kukopa za dola 10,000, fedha hizo hubaki kwa dalali, nawe huongeza 5,000 zako: jumla asilimia 150. Bei ikipanda, dalali hukutaka uongeze. Ukishindwa, hununua hisa mwenyewe na kufunga deni. Hisa za chini ya dola 5 zina masharti makali zaidi: hata ikiwa bei ni dola 1, kila hisa hudai dhamana isiyopungua dola 2.50.

Tangu 2005, dalali hana budi kuwa na sababu ya kuamini kwamba hisa za kukopa zitapatikana, kabla ya kuuza. Sharti hilo lingemkwamisha Le Maire siku ya kwanza.

Hata hivyo, Septemba 2008, mabenki yalipoyumba, Marekani nayo ilikimbilia marufuku. Orodha ya kwanza ilikuwa na kampuni 799 za fedha. Marufuku hiyo ilidumu chini ya wiki tatu.