Daktari Jekyll Hakuwa Watu Wawili

Kiswahili kina nyoka wake aitwaye ndumakuwili, ambaye husemekana kuwa ana vichwa viwili, kimoja kila upande. Kutokana naye tumepata jina la kumwita mtu mwenye nyuso mbili. Ndiyo maana mwanafunzi anaposimuliwa kwa mara ya kwanza kisa cha Daktari Jekyll na Bwana Hyde hudhani kwamba amekwisha kukielewa: mtu mwema, mtu mwovu, na dawa ya kumgeuza huyu kuwa yule. Sisi twaona kuwa bado hajakielewa, na kosa si lake peke yake.

Mtungaji wa kisa hicho ni Robert Louis Stevenson, aliyezaliwa mwaka 1850 mjini Edinburgh, Uskoti. Wasomaji wa Kiswahili walimjua zamani kwa kitabu chake kingine, kilichofasiriwa kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina. Hiki cha Jekyll alikiandika mwaka 1885, hali akiwa mgonjwa, katika mji wa Bournemouth ulioko pwani ya kusini ya Uingereza. Kilitolewa Januari 1886 kwa bei ya shilingi moja, na katika miezi sita ziliuzwa nakala zipatazo 40,000.

Mbegu yake ilitoka Edinburgh. Aliishi huko, katika karne ya 18, seremala mmoja stadi aitwaye William Brodie, mkuu wa chama cha mafundi wenzake na mjumbe wa baraza la mji. Mchana alitengeneza makabati na kufuli za matajiri. Usiku aliwaibia kwa funguo alizozinakili. Alinyongwa mwaka 1788. Kabati moja la kazi yake lilikuwamo chumbani mwa Stevenson alipokuwa mtoto, na baadaye Stevenson na rafiki yake W. E. Henley walitunga mchezo wa kuigiza juu ya mtu huyo. Brodie ndiye ndumakuwili hasa, kwani aliwadanganya watu naye akijua vyema anachokifanya.

Jekyll ni habari nyingine. Katika ungamo lake, ambalo ndilo sura ya mwisho ya kitabu, yeye mwenyewe anaeleza kwamba dawa ile haikuwa njema wala mbaya. Ilifungua tu mlango wa gereza la nafsi. Lau angaliinywa kwa nia safi, angaliweza kutoka mtu wa namna nyingine. Lakini aliinywa kwa sababu alitamani anasa, na hakutaka anasa hizo zimharibie jina. Alipata alichokitaka. Akatoka Hyde, ambaye ni uovu mtupu, naye Jekyll akabaki vile vile alivyokuwa, mchanganyiko wa mema na mabaya. Twaomba walimu wenzetu walishike neno hili, maana hapo ndipo penye uzito wote: mtu mwema kabisa hayumo kitabuni. Ukihesabu, utampata mwovu mmoja na mtu wa kawaida mmoja.

Hata nguo zinasema hayo. Hyde ni mdogo wa umbo, na mavazi ya daktari yanampwaya, kwa kuwa upande ule wa nafsi ulikuwa haujatumika sana. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga wetu. Hapa methali imekuwa kweli tupu, kwa kuwa aliyemla Jekyll alikuwa ndani ya suruali yake, akiikunja miguu isiburute chini. Nyumba nayo ni hivyo hivyo. Mbele ina mlango wa fahari unaofunguliwa na mtumishi. Nyuma, kwenye kichochoro, una mlango uliobabuka rangi, usio na kengele. Wapita njia hudhani ni nyumba mbili.

Wasomaji wa London walikuwa na sababu ya kuitambua milango hiyo. Julai 1885 gazeti la Pall Mall Gazette, chini ya mhariri W. T. Stead, lilifichua jinsi wasichana wadogo walivyokuwa wakiuzwa kwa wanaume wenye fedha. Kelele zikawa kubwa, hata Bunge likapitisha sheria mwaka huo huo ya kupandisha umri wa ridhaa kutoka miaka 13 hadi 16. Hatusemi kwamba Stevenson aliandika kwa ajili ya jambo hilo. Twasema kwamba kitabu chake kiliwafikia watu waliokwisha kusikia kuwa waheshimiwa wana mlango wa nyuma.

Basi kosa la mwanafunzi wetu lilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa lilitoka jukwaani. Kitabuni msomaji wa kwanza hakujua mpaka karibu na mwisho kwamba Hyde ndiye Jekyll. Mchezo ulioigizwa na Richard Mansfield huko Boston mwaka 1887 uliwaonyesha watazamaji mageuzi yenyewe, uso wa muungwana ukikunjamana na kuwa wa mnyama mbele ya macho yao. Agosti 1888 Mansfield aliupeleka London. Mwezi huo huo yakaanza mauaji ya wanawake maskini katika mtaa wa Whitechapel, na mtu mmoja aliyeutazama mchezo akawaandikia polisi kwamba muuaji lazima awe Mansfield, kwa kuwa ajuaye kujigeuza hivyo anaweza lolote. Polisi waliendelea kumtafuta muuaji. Hawakumpata.